Prosesa mpya inagonga nyuzi 90 kwenye gemu, kabla hujanunua kipozeo cha maji soma hii kwanza

Mkuu nimesoma ulichoandika mpaka mwisho na nimekuelewa vizuri sana, maana mwaka jana mwezi wa kwanza nilikuwa palepale ulipo wewe saivi. Kwa wanaoingia sasa hivi: jamaa kwenye kompyuta yake katoka prosesa ya Ryzen 5 3600 kaenda Ryzen 7 5800X, akatoa kadi ya picha ya GTX 1660 Super akaweka RTX 3070, keisi (boksi la kompyuta) ni ileile na kipozeo ni kilekile kidogo kilichokuja kwenye boksi la 3600, yupo Tanga, akifungua gemu dakika mbili tu prosesa iko 90, feni zinalia, fremu (picha kwa sekunde) zinashuka, anauliza anunue kipozeo cha maji au prosesa airudishe dukani.

Usirudishe. Na hela ya kipozeo cha maji ikae mfukoni kwanza, nitakwambia kwanini.

Hiyo 90 haijatokea tu. 5800X mwisho wake ni nyuzi 90 (ile 3600 ilikuwa 95), ikifika hapo inajipunguza spidi yenyewe isizidi kupanda, ndo maana unaiona imeganda palepale na fremu ndo zinaondoka. Haiungui usiku wa leo, ulale salama. Alafu angalia wati: 3600 kwa setingi za kiwandani inaruhusiwa kuvuta mpaka wati 88, hii yako mpya inaruhusiwa mpaka 142 japo kwenye boksi wameandika 105, na umeme wote unaoingia kwenye prosesa unatoka kama joto, hauna pengine pa kwenda. Na hilo joto linatoka kwenye kipande kimoja chenye kori zote 8 (sehemu zinazofanya kazi) ambacho ni kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba. 5900X ina kori 12 na ruhusa ileile ya wati 142 ila kori zake zimegawanywa kwenye vipande viwili, joto linasambaa, kwahiyo watu wengi wanashangaa kaka mkubwa anakaa poa kuliko mdogo wake. Kipozeo chako hicho kidogo ni cha prosesa za wati 65, na AMD wenyewe 5800X wanaiuza bila kipozeo kabisa. Kwahiyo hapo huna namna, kipozeo kingine utanunua, ila sio lazima kiwe cha maji.

Sasa kadi nayo. 1660 Super ni wati 125, 3070 ni 220, umeongeza karibu wati mia kwenye boksi lilelile na kadi hizi za feni mbili tatu zinapuliza joto humohumo ndani, linapanda, linakutana na kipozeo cha prosesa. Na kuna jambo watu hawaliwazi, kadi ya zamani ilikuwa inaichelewesha prosesa, prosesa inakaa inasubiri, sasa hii mpya inamaliza fremu chapchap inadai nyingine na nyingine, ina maana hata ungebaki na 3600 ileile ungeona joto limepanda.

Na huku kwetu pwani kuna chumba chenyewe. Zile video unazoangalia jamaa yuko kwenye chumba cha nyuzi 20 au 22, anakwambia kipozeo fulani kinakaa 70. Mimi chumba changu Sinza, Dar es Salaam, mwezi wa kwanza jioni, juu bati, nimepima kwa kipimajoto cha ukutani, 32. Hizo nyuzi 10 unazibeba karibu zote mpaka kwenye prosesa, hakuna feni wala maji yanayoweza kuipoza chini ya joto la hewa iliyopo chumbani. Rejeta ya kipozeo cha maji inapulizwa na hewa hiyohiyo ya 32. Hili ndo lilinifanya nisinunue, muuzaji mmoja alikuwa ameshanishawishi kabisa kwamba 5800X bila maji haiwezekani, nilikuwa na hela mkononi.

Mimi nilikuwa na kipozeo cha mnara, feni moja ya milimita 120 na mirija minne ya shaba, kitu cha maana tu, na bado nilikuwa 90. Kwahiyo nikaanza kutafuta joto limekwama wapi, na njia yake ni rahisi mno. Shusha HWiNFO (programu ya kusoma joto na wati za kompyuta), washa gemu lilelile, cheza dakika 20 sehemu ileile, andika joto la prosesa na wati inazovuta (tafuta palipoandikwa PPT). Afu fungua mfuniko wa pembeni wa keisi, elekeza feni ya mezani ndani, cheza tena dakika 20. Joto likishuka sana, shida yako ni hewa ya keisi. Lisiposhuka, shida iko kati ya prosesa na kipozeo, au kipozeo chenyewe hakitoshi. Ila usipime mara ya kwanza kabisa unafungua gemu jipya, gemu nyingi za saivi zinaanza kwa kuandaa sheda (programu ndogo za kuchora picha), hapo prosesa inafanya kazi kori zote na joto linaruka, subiri imalize.

Yangu ilishuka nyuzi 7. Nikaanza kukagua feni moja moja nikakuta ya nyuma imegeuzwa, inaingiza hewa badala ya kutoa, yaani hewa ya mbele na ya nyuma zinagongana katikati na joto halina mlango. Fundi aliyenifungia alikosea na mimi miezi yote hiyo sikuwahi kuangalia. Kuijua feni inapuliza wapi ni hivi, upande wenye vile vijiti vya plastiki vinavyoshika mota ndo upande hewa inapotokea, au shika kipande cha tishu uone kinavutwa au kinasukumwa. Mbele ziingize, nyuma na juu zitoe. Na kama keisi yako mbele ni kioo kitupu chenye upenyo mwembamba pembeni, angalia kama kioo kinatoka, mimi changu nilikitoa nikakiweka juu ya kabati, kipo huko mpaka leo. Hapo nikawa 83.

Bado sikuridhika, nikavua kipozeo. Hapa naomba usome taratibu. Soketi ya AM4 (pale prosesa hizi zinapokaa kwenye madabodi) pini ziko kwenye prosesa yenyewe, zaidi ya elfu moja na mia tatu, na pesti (ile inayopakwa kati ya prosesa na kipozeo kupitisha joto) ikikauka inashika kama gundi, ukivuta kipozeo juu kwa nguvu prosesa inachomoka nayo wakati soketi imefungwa. Rafiki yangu ilimtokea, pini zikapinda, akakaa usiku mzima na wembe anazinyoosha moja moja na mkono unatetemeka, ikawaka, ila sitaki yakukute. Cheza gemu dakika 10 pesti ilainike, zima, toa umeme, legeza skrubu, kisha kizungushe kipozeo kushoto kulia polepole mpaka ukisikie kimeachia, ndo unyanyue. Nilipotoa cha kwangu alama ya pesti iko upande mmoja tu, upande wa pili nene haijaguswa, maana yake skrubu zilikazwa upande mmoja mpaka mwisho kabla ya mwingine. Safisha kwa alkoholi ya isopropili na kitambaa kisichotoa nyuzi, spiriti nyingine za duka la dawa zina mafuta ndani zinaacha utelezi, achana nazo. Weka pesti mpya kiasi cha punje ya njegere katikati, kaza skrubu mizunguko miwili huku, miwili kule, mpaka zifike pamoja. Na kama kipozeo ni kipya, toa ile plastiki chini yake, watu wanaisahau kweli. Nikashuka mpaka 77.

Iliyobaki niliifanya ndani ya baiosi (BIOS, setingi za kompyuta kabla Windows haijawaka) bila kutoa hata shilingi. Kuna setingi inaitwa Eco, ukiiweka 65 inashusha ruhusa ya wati kutoka 142 mpaka 88. Najua unawaza umenunua prosesa kali uibane ya nini, mimi pia niligoma wiki nzima, ila gemu karibu zote hazitumii kori zote 8 kwa pamoja, fremu zangu sikuona zimepungua kwa macho. Ukiwa unafanya renda za video hapo utahisi, kwa gemu sioni sababu ya kuacha kuiweka. Nyingine ni Curve Optimizer, unaipa namba hasi ili prosesa itumie voltiji kidogo kwa spidi ileile. Mi nilianza hasi 10, nikaenda 15, nikaenda 25 nikaona nimefika, siku ya pili mashine ikajizima nikiwa nimefungua brauza tu. Na ndivyo inavyokuwa, haidondoki kwenye kazi nzito, inadondoka ikiwa imetulia, kwahiyo usiseme imekubali mpaka upite nayo siku tatu nne za kawaida. Nilirudi 15, haijazima tena. Na fremu zifunge kwenye uwezo wa skrini yako, skrini ya fremu 75 kwa sekunde haina faida na fremu 140, unachemsha bure na uniti za LUKU zinaenda.

Saivi nacheza Cyberpunk 2077 chumba kikiwa 31 na prosesa iko 68 mpaka 70, pangaboi linazunguka, AC sina.

Hilo swali lako la mwisho, kwamba hata ukiwa umekaa tu inaruka 45, 58, 47, 60, hilo lisikusumbue, ndivyo hizi prosesa zilivyo, kori moja inapandishwa voltiji sekunde moja kufungua kitu kisha inashuka. Kwenye baiosi weka feni zichelewe sekunde chache kabla ya kuongeza kasi, kelele itaisha.

Kipozeo tafuta cha mnara chenye feni ya 120 na mirija minne au zaidi, ila pima keisi kwanza kutoka madabodi mpaka mfuniko, vingi vina urefu wa milimita 155 hadi 160 na mfuniko ukigoma kufunga utalia. Angalia pia feni isikae juu ya RAM kama zako ni ndefu. Keisi itoe sakafuni na itoe ndani ya lile kabati la meza ulilopiga picha, mle hewa haitembei. Vumbi lipige blowa kila baada ya miezi miwili, shika panga za feni kwa kidole zisizunguke.

Anza usiku wa leo na Eco 65 hata kabla ya kipozeo kipya, na lile jaribio la mfuniko, afu uweke hapa namba nne: joto la chumba, wati za PPT, nyuzi mfuniko ukiwa umefungwa na ukiwa wazi. Piga na picha ya feni zako zote kwa ndani, nizione zimeelekea wapi.