Barua kwa mwanangu: soma kwanza kwa Kiswahili

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza: "Baba, siku ile ulipofika tamasha la ushairi la Medellín, kule Kolombia, uliona nini hasa? Na mimi sasa nimealikwa ng'ambo, nisome kwa Kiswahili au nijitafsirie kwa Kiingereza ili nieleweke?"

Nilichoona kwanza ni taa. Uwanja wao wa ndege wa kimataifa uko Rionegro, juu milimani, kama mita 2,100 kutoka usawa wa bahari, na jiji limelala bondeni, chini yake kwa mita 600 hivi. Gari linateremka kona baada ya kona, masikio yanaziba, halafu ghafla bonde zima hili hapa, linawaka mpaka vilimani. Salamu za Kihispania nilizokariri ndani ya ndege zikanitoka zote.

Ya hotelini hayana maana. Washairi ni washairi, kila mmoja analalamikia ratiba.

Asubuhi akanijia kijana aliyepangiwa kunisomea tafsiri. Kule mshairi husoma kwa lugha yake, kisha msomaji hufuatia kwa Kihispania. Akauliza kwa upole: mbona mpenzi wako anangoja mwezi wa kalenda uchomoze baharini? Nikachungulia karatasi. Penye "mwezi", mfasiri alikuwa ameweka "mes" badala ya "luna". Shairi langu la mapenzi limekuwa la mtu anayengoja mshahara! Tukalipitia neno kwa neno saa nzima, kalamu mkononi, chai ikapoa.

Jioni tukapanda kilima cha Nutibara, kwenye ukumbi wa wazi wa Carlos Vieco. Tamasha lilianzishwa mwaka 1991, mauaji yakiwa yamelishika jiji. Waanzilishi wakawaita watu watoke waje kusikiliza mashairi. Hayo nilikuwa nimeyasoma, nikayachukulia kama maneno ya kwenye vipeperushi. Zamu yangu ilipofika mvua ikaanza. Nikafunga daftari, nikijua watatawanyika. Mama mmoja wa mbele akakunjua karatasi ya nailoni, akajifunika na mwanawe, wakabakiza nyuso tu, wakaendelea kunitazama. Nikalifungua tena.

Nilisoma tarbia, mizani nane kwa nane, vina vya kati na vya mwisho. Vina havitafsiriki, wewe unajua. Lakini sikio halidai kamusi: kufika ubeti wa tatu, yule mtoto alikuwa anatikisa kichwa kabla sijakifikia kibwagizo. Alishajua kinakuja. Kihispania kilipofuata, maana ikamkuta keshakaa ndani ya mdundo.

Basi soma kwa Kiswahili, na tafsiri ije nyuma yako. Kiingereza pale kingekuwa kigeni kwangu na kigeni kwao, sote tukikutana ugenini. Ila ukifika, kabla hata ya kwenda kutembea, mtafute atakayekusomea, mkae na karatasi. Muulize kila neno lenye maana mbili.

Na lile shairi ulilonitumia juzi, ubeti wa pili, mshororo wa tatu, kipande cha kwanza: nimehesabu kwa vidole mara tatu, mizani ni tisa. Lirekebishe kabla halijamfikia mfasiri.

Baba yako