Lupini ya manjano: majivu yaachwe jikoni

Tangu niitaje lupini ya manjano, ua la bustani la jamii ya kunde, kwenye safu hii, maswali hayajakatika. Nimechagua yale yanayojirudia.

Shikamoo bibi shamba. Niko Njombe. Nimepanda mbegu za lupini wiki tatu sasa, hata moja haijachomoza. Nimeuziwa mbegu mbovu?

Marahaba. Huenda mbegu ni nzima, ila ganda lake ni gumu na maji hayapenyi. Chukua msasa, sugua mbegu upande ulio mbali na kitovu chake (kile kidoa iliposhikamana na ganda la mmea) mpaka rangi ya ndani ianze kutokeza, kisha acha. Loweka usiku kucha. Asubuhi zilizovimba zipande. Zilizobaki kama kokoto zirudi kwenye msasa. Zifukie sentimita 1 hadi 2, pale pale zitakapokulia, kwa sababu mzizi mkuu huzama moja kwa moja chini na ukikatika wakati wa kuhamisha, mche unadumaa. Kama huna budi kuanzia kitaluni, tumia viriba virefu na uhamishe miche ikingali midogo.

Soma na pakiti, maana jina la lupini ya manjano hubebwa na mimea miwili. *Lupinus luteus* ni ya msimu mmoja, haizidi sana urefu wa goti, na maua yake yananukia vizuri. *Lupinus arboreus*, asili yake pwani ya kati na kusini ya California, ni kichaka kinachoweza kufika mita 2. Wengi hununua ya kwanza wakitegemea ya pili.

Mbona majani yanageuka manjano huku mishipa ikibaki kijani? Kila mwezi naweka majivu na samadi, kama ninavyofanya kwa sukuma wiki. (Limuru)

Umejijibu mwenyewe, dada. Sukuma wiki inataka kulishwa, lupini haitaki. Majivu hupunguza tindikali ya udongo. Tindikali ikipungua, madini ya chuma yamo ardhini lakini mizizi haiwezi kuyachukua, na majani machanga ndiyo yanayopauka kwanza. Samadi nayo itakupa majani tele na maua ya kuhesabika.

Una bahati unakaa kwenye udongo wa chai, ambao tayari una tindikali ya kuitosha lupini. Acha majivu, acha mbolea, na uangalie tu maji yasituame. Udongo ukiwa mzito, inua tuta na uchanganye mchanga wa chengachenga. Ukitaka kuibembeleza, kata vikonyo maua yanaponyauka, kabla ya kufunga maganda.

Niling'oa mmea mmoja nikakuta mizizi ina uvimbe. Ni minyoo fundo kama ile ya nyanya?

Usichome shamba bado. Lupini ni jamii ya kunde, na kwenye mizizi yake hukaa bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani. Kwa maharage vinundu huning'inia pembeni na kubanduka kirahisi, lakini kwa lupini mara nyingi huuzingira mzizi wenyewe, ndiyo maana watu wanashtuka. Chukua wembe, pasua kimoja. Ndani kukiwa na rangi ya waridi au nyekundu, bakteria wako kazini.

Usipoona kinundu chochote, kumbuka bakteria wa maharage hawaisaidii lupini. Omba ndoo ya udongo kwa mtu ambaye lupini zake zinastawi bila ugonjwa, uutie kwenye mashimo wakati wa kupanda. Msimu ukiisha, kata shina usawa wa ardhi na uiache mizizi ioze humo humo.

Mombasa je, itakubali?

Hapana. Joto na chumvichumvi ya pwani vitaimaliza kabla ya kuchanua, na udongo wa matumbawe una chokaa mno. Panda marejea. Ni ndugu yake katika jamii ya kunde, maua yake ni ya manjano yenye michirizi, nayo inarutubisha ardhi vilevile. Wakulima wa Songea waliijua zamani kama mbolea ya kijani. Lakini usiwape mifugo mbegu zake.

Assalamu alaykum. Hapa Maskati rafiki yangu Mmisri hutafuna turmus. Naweza kula mbegu za bustanini kwangu?

Wa alaykumu salaam. Tafadhali usile. Turmus kwa kawaida ni lupini nyeupe, *Lupinus albus*, tena iliyoandaliwa. Lupini chungu zina sumu za jamii ya alkaloidi, lupanini na sparteini zikiwemo. Moto hauziondoi. Kinachoziondoa ni maji: mbegu huchemshwa, kisha hulowekwa siku kadhaa zikibadilishiwa maji mpaka uchungu uishe kabisa. Kule Gojjam, Ethiopia, hiyo nyeupe wanaiita gibto. Huikaanga kwanza na kuiloweka kwenye maji yanayotiririka. Kuna lupini tamu pia, zilizoanza kuchaguliwa Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1920, lakini pakiti ya mbegu za maua haikuahidi hizo.

Mtoto akizila, kinywa hukauka, mboni hupanuka, macho huona ukungu na moyo huenda mbio. Mpeleke hospitali, na ubebe maganda mkononi daktari ayaone. Mwenye mzio wa karanga akae mbali hata na zile zilizoandaliwa. Ng'ombe mwenye mimba naye azuiwe: baadhi ya lupini husababisha ndama kuzaliwa na miguu iliyopinda.

Wadudu wadogo wamejaa kwenye vikonyo vya maua!

Ni vidukari. Warushie maji kwa nguvu asubuhi, wakirudi tumia maji ya sabuni kidogo.

Niko Leicester, Uingereza. Kichaka changu kina miaka minne, kimekonda chini. Nikikate?

Punguza matawi mabichi baada ya maua, ila usifike kwenye mti mkavu wa zamani, hauchipui tena. *Arboreus* haiishi sana, kwa hiyo weka mbegu za kurithi. Ganda likikauka hupasuka kwa kujisokota na kurusha mbegu mbali. Livune likishageuka rangi, ulifunge kwenye mfuko wa karatasi. Usizimwage ufukweni. Ghuba ya Humboldt, kaskazini mwa California, ilipandwa kichaka hiki ili kuzuia mchanga, kikatapakaa na kurutubisha machuguu ya mchanga mpaka magugu yakaingia na kuyasonga maua ya asili. Hadi leo watu wa kujitolea wanaking'oa kwa mikono.