Nchi Yako ya Kubuni Ianze na Upepo

Juzi msomaji mmoja, binti aliyemaliza kidato cha sita, alinitumia picha ya ramani ya nchi aliyoibuni kwa ajili ya riwaya yake. Aliandika: "Kaka, nimekwama. Wafalme ninao, vita ninavyo, lakini nchi yenyewe haisimami." Niliitazama ramani ile kwa muda mrefu. Ina ngome, ina msitu wa mizimu, ina majina matamu kweli. Katikati unapita mto unaotoka bahari ya mashariki na kumwagika bahari ya magharibi.

Habari ya mto nimeshamjibu pembeni. Swali lake nalijibu hapa, kwa sababu najua mko wengi mnaoandika fantasia kwa Kiswahili usiku baada ya kazi, na sote tunataka kitu kimoja: nchi ambayo msomaji, hata akishafunga kitabu, anaweza kumwelekeza mgeni njia.

Nchi yangu inaitwa Uvumba. Nilianza kuichora nikiwa sekondari, kurasa za nyuma za daftari la jiografia, na nimekua nayo. Mhariri wa kwanza kuusoma mswada aliurudisha na maneno kwamba ramani ni michezo ya watoto, msomaji wa Kiswahili anataka visa, hataki mito. Maneno yale yananiuma mpaka leo. Riwaya ya kwanza imeshatoka, na ujumbe ninaoupokea zaidi unahusu Mto Zuwa: kwa nini watu wa bondeni hawathubutu kuwavamia watu wa juu? Mhariri yule natamani angeusoma.

Basi nianze na upepo, maana ndiko Uvumba ilikoanzia upya. Sisi wa pwani tumerithi elimu hii bure. Kaskazi huvuma kati ya Desemba na Machi na kuleta majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi. Kusi hushika zamu baadaye na kuyarudisha. Tazama Kilwa Kisiwani. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alifika pale mwaka 1331 akaukuta mji wenye fahari, na sehemu kubwa ya fahari hiyo ilitokana na mahali mji ulipokaa. Jahazi la kutoka kaskazini liliweza kufika Kilwa, kufanya biashara na kurudi na pepo za mwaka uleule. Kwenda mbele zaidi hadi Sofala, katika Msumbiji ya leo, ilikotoka dhahabu, kulikuwa na hatari ya kukosa upepo wa kurudia. Kwa hiyo dhahabu ilipanda kuja Kilwa, na Kilwa ikatoza ushuru.

Nilipolielewa hilo niliuhamisha mji mkuu wa Uvumba. Ulikuwa kwenye ncha ya kusini kabisa, nikaupeleka pale upepo unapoishia. Mara riwaya ikaanza kujiandika. Manahodha waliochelewa msimu wakalazimika kukaa miezi mjini. Wakaoa, wakajifunza lugha, wengine wakageuka wapelelezi. Mhusika wangu mkuu ni mtoto wa nahodha wa namna hiyo. Asingezaliwa kama nisingeuhamisha mji.

Baada ya upepo, mlima. Pepo zenye unyevu zikikutana na mlima hupanda, hupoa, huangusha mvua upande zinakotokea. Upande wa pili hubaki mkavu. Kilimanjaro, mita 5,895, unalionyesha hilo wazi: kusini kuna migomba na kahawa ya Machame na Marangu, kaskazini kuna vumbi la Amboseli. Wachaga hawakuishia kufurahia mvua. Walichimba mifongo, yaani mifereji, kuyashusha maji kutoka makorongo ya juu hadi mashambani, na mfongo una zamu zake, una wazee wake, una ugomvi wake. Hapo ndipo jibu la Mto Zuwa lilipo. Watu wa juu wa Uvumba hawana jeshi la kutisha. Wana mifereji, na wakati wa kiangazi wao ndio wanaoamua nani apate maji.

Mito nitaipitia haraka. Hushuka, huungana ikielekea chini, na ni nadra sana kugawanyika kabla ya kukaribia bahari, kama Rufiji inavyotawanyika katika mikoko yake. Ziwa kubwa kwa kawaida huwa na mlango mmoja wa kutokea: Victoria hutoka Jinja tu. Lisilo na mlango, kama Natron, hujaa magadi. Ukiyashika hayo, mito haitakusumbua.

Kinachosahaulika ni wadudu. Njia ya Bagamoyo hadi Ujiji ina zaidi ya kilomita 1,200, na mizigo ilikwenda kwa mabega ya wapagazi, kwa sababu mbung'o waliwaua wanyama wa kubeba. Nilipowaweka mbung'o katika misitu ya magharibi ya Uvumba, farasi wa mfalme hawakuweza tena kupita. Sura nzima ya vita ikafa. Badala yake wakazaliwa wapagazi, wakagoma katikati ya safari, na mfalme akapiga magoti mbele ya kiongozi wao. Ndiyo sura ninayojivunia kuliko zote.

Kwa hiyo, ndugu zangu, msiogope kufuta. Ukisogeza mlima, shuka nao mpaka chini: mvua imekwenda wapi, watu wanakula nini sasa, njia gani imefungwa, nani ametajirika, nani amehama. Usiiachie ramani mahali ambapo wahusika wanaishi vizuri bila sababu. Usichore mpaka kabla hujajua maji ya kunywa yanatoka wapi. Anza na upepo. Narudia, anza na upepo, na kama nchi yako haina bahari, uliza mvua yake inatoka upande gani.

Kwa sasa naipanga upya kusini ya Uvumba kwa ajili ya kitabu cha pili. Mji mkuu wa zamani ulipohama niliiacha ile ncha tupu, na sasa naona haiwezi kukaa tupu: kuna miamba ya matumbawe, kuna mlango mmoja tu wa kuingilia wakati wa bamvua, maji ya bahari yanapojaa sana, na majahazi yanayokwepa ushuru wa mji mkuu lazima yapite mahali fulani.