Mleta uzi wa Lindi, kafuate huo wito kesho asubuhi

Mkuu, acha kila kitu usome hii kwanza. Umeandika kwamba nyumba uliyopanga imeuzwa, mnunuzi anakutaka utoke, kodi yako bado inasoma miezi mbele, na juzi kaja mtu na wito wa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, yaani karatasi za kukuita kwenye shauri, ukakataa kuzipokea kwa sababu jirani kakwambia "ukisaini umekubali kuhama". Halafu wachangiaji hapo juu wanakupongeza kwa ujanja! Ushauri huohuo, neno kwa neno, ndio ulionitoa mimi Magomeni hapa Mtwara mjini na vyerehani vyangu.

Kusaini wito ni kusema karatasi imekufikia, basi. Hujakubali deni, hujakubali kuhama, hujakubali kwamba mnunuzi ana haki. Unaandika jina, tarehe na saa uliyopokea, unabaki na nakala yako pamoja na nakala ya maombi, yaani madai yaliyofunguliwa dhidi yako. Bila hiyo nakala hujui hata unadaiwa nini.

Mimi nilikuwa nimepanga vyumba viwili na fremu ya mbele, nashona. Mwenye nyumba akafungua shauri akidai nina malimbikizo ya kodi. Sikuwa nayo. Kodi ya miezi sita nilimlipa kwa simu msimu wa korosho, na meseji ya muamala ninayo hadi leo. Yaani nilikuwa na kesi ya kushinda mchana kweupe. Lakini kulikuwa na mtu mmoja anayeshinda mjini na mkoba wa makaratasi, watu wanamwita mwanasheria naye anaitika. Nikampa hela. Akaniambia, "Dada, usisaini kitu. Wakikosa saini yako kesi inakufa yenyewe."

Haifi. Mpeleka wito anarudi barazani na kuapa kwamba alikukuta na ukakataa kupokea, na mara nyingi mwenyekiti wa mtaa alikuwa naye kushuhudia. Kwa baraza, umeshapewa taarifa. Tarehe inafika, hupo. Tarehe nyingine, hupo. Mdai anaomba shauri lisikilizwe upande mmoja, anakubaliwa, anasimama peke yake na kusema anachotaka. Nani amuulize kuhusu ule muamala? Ushahidi wangu ulikuwa kwenye simu, simu iko mezani, nami niko fremuni nakata sare za shule. Hukumu ikatoka: lipa malimbikizo, hama, lipa na gharama za shauri.

Nilijua kuna hukumu pale ilipoletwa amri ya kuikazia, yaani ya kuitekeleza. Kanuni za baraza zinataka aliyeshindwa apewe siku 14 atekeleze mwenyewe kabla ya dalali, yule anayetekeleza amri za baraza, kutumwa. Siku hizo zilikuwa za dhahabu, ningeweza kukimbilia kuomba utekelezaji usimamishwe. Nikarudi kwa yule yule mwenye mkoba! Akaniambia dalali naye hawezi kugusa kitu bila saini yangu. Dalali haombi saini ya mtu, anakuja na amri. Vyerehani vilitolewa nje kukiwa na mvua ya masika, vitambaa vya wateja vikalowa, nikalipa vitambaa vya watu juu ya kodi niliyokuwa nimeshailipa. Yule mwenye mkoba nilimpigia simu siku ile vyombo vikiwa barabarani. Hakupokea. Watu wa namna hii wanakula hela ya mtu aliye katika hofu, na simsamehi.

Na hapa ndipo panapouma zaidi. Hukumu ya upande mmoja inaweza kutenguliwa, unaomba barazani ndani ya siku 30 kwa maombi na hati ya kiapo inayoeleza kwa nini hukufika. Msaidizi wa kisheria aliniandalia vizuri kabisa. Lakini sababu lazima iwe ya maana: ulilazwa, hukupewa wito, umefiwa. Kiapo cha mpeleka wito kilikuwa mezani kinasema nilikutwa nikakataa. Sababu yangu ya kweli ilikuwa "nilishauriwa nisisaini", na hiyo si sababu. Ombi likatupwa. Meseji ya muamala haikuwahi kusomwa na mtu yeyote mwenye mamlaka.

Kwa hiyo wewe, kwa vile umeshakataa mara moja, usisubiri wakurudie. Kesho nenda mwenyewe masjala ya baraza pale Lindi, taja majina yako na ya mnunuzi, omba upewe wito na nakala ya maombi, saini, andika tarehe. Kisha hesabu siku 21 za kuwasilisha majibu ya maandishi. Wasipokubaliana na hesabu yako, fuata yao, ila usivuke.

Majibu yenyewe hayahitaji Kiingereza, tangu 2021 lugha ya mahakama na mabaraza ni Kiswahili. Chukua maombi yao aya kwa aya: hii nakubali, hii nakataa kwa sababu hii. Andika wazi kwamba ulipanga kwa mwenye nyumba wa kwanza, umelipa hadi mwezi fulani, na mnunuzi alikukuta ndani ukiwa na mkataba unaoishi. Ambatanisha mkataba, risiti, na miamala ya simu iliyochapishwa. Mkataba kama haukulipiwa ushuru wa stempu, kaushughulikie TRA mapema, maana upande wa pili unaweza kupinga usipokelewe kama ushahidi. Peleka nakala za kutosha, ya kwako ipigwe muhuri wa kupokelewa, na hiyo yenye muhuri usimkabidhi mtu.

Angalia pia kama mnunuzi alipitia Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya 2021 kata haihukumu tena, inapatanisha tu, na Baraza la Wilaya halitakiwi kusikiliza shauri linalogusa maslahi katika ardhi bila cheti cha kata kwamba usuluhishi umeshindikana, isipokuwa siku 30 zimepita bila kata kumaliza. Kama hamna cheti, weka pingamizi la awali, yaani hoja kwamba shauri halikufunguliwa kisheria. Lakini liweke pamoja na majibu, wala usiliache likusimamie peke yake.

Mnunuzi akija na vijana kabla ya amri yoyote ya baraza, hana mamlaka ya kukutoa, na mwenyekiti wa mtaa au polisi hawawezi kumpa. Hapo wewe ndiye unayeomba barazani zuio la muda, yaani amri ya kumzuia asikutoe, kwa hati ya dharura ili ombi lisikilizwe haraka.

Msaada upo bure. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, ulizia ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri yenu wakuelekeze kwa waliosajiliwa. Mtu akikuambia usisaini, muulize kasajiliwa wapi.

Wale mnaomwambia mwenzetu "kaza, usipokee", futeni hayo maneno. Ana familia ndani ya hiyo nyumba.

Mleta uzi, ukishapata nakala niandikie hapa tarehe iliyo kwenye wito na tarehe ya kutajwa shauri. Usiweke majina ya watu. Nitakusaidia kupanga aya za majibu usiku huohuo.