Barua kwa mwanangu: kabla hujaweka saini

Mwanangu,

Salaam aleikum. Sisi huku Mombasa hatujambo. Mamako magoti yanamsumbua, lakini ni yale yale ya siku zote. Barua yako nimeisoma, nikaiweka, nikairudia. Umeniuliza jambo moja tu: ajenti amekupa mkataba wa afisa wa tatu kwenye meli ya mafuta, njia yake ni Bab el Mandeb na Bahari ya Shamu, je, usaini au ukatae? Na umetaka nijibu upesi kwa sababu ajenti anangoja.

Bibi yako, Mungu amrehemu, angekujibu kwa neno moja: usiende. Unajua kwa nini. Kaka yake alikuwa askari wa mizinga, akapandishwa meli ya Khedive Ismail hapa hapa Kilindini, Februari 1944, kwenye msafara wa kwenda Colombo. Nyambizi ya Wajapani ikaizamisha karibu na Maldivi, wakafa watu 1,297. Tangu hapo hakumpa kijana yeyote wa nyumba hii radhi ya kwenda baharini. Mimi niliondoka bila radhi yake, hilo nalo unalijua.

Kwa hiyo sitakujibu kama yeye. Ninachotaka kujua ni kingine: ukishapita salama, atakulipa nani, lini, na kwa karatasi gani? Nimekwambia tangu ukiwa kadeti kwamba hatari ya baharia hulipwa mkononi mwake. Haiwekwi akiba na mtu mwingine.

Kuna mtu sijawahi kukusimulia habari zake sawasawa. Mwaka 1973 nilikuwa kijana wa sitaha kwenye meli ya mizigo ya Wanorwe. Serahangi wetu, yaani mkubwa wa mabaharia wa sitaha, alikuwa Mnorwe wa makamo, mikono mikubwa, maneno machache. Siku moja tumefunga gati, ajenti akaleta barua za meli. Mimi na serahangi tulikuwa nyuma, tunagonga kutu kwenye winchi. Akavua glavu, akapasua bahasha yake kwa kisu cha kukatia kamba, akasoma. Kisha akaokota chaki, akageuza kifuniko cha pipa la rangi, akaandika 60, chini yake 180, akazidisha. Ikaja 10,800. Akaketi juu ya kamba akiitazama ile hesabu kwa muda mrefu, mpaka nikadhani ni deni. Nikamuuliza nani anamdai. Akasema hakuna anayemdai, wanamlipa yeye. Wanamlipa vita.

Habari yenyewe niliipata kwake kidogo kidogo, zamu za usiku, na baadaye nikaisoma kila nilipoipata. Wajerumani waliivamia Norway tarehe 9 Aprili 1940. Nchi ikatekwa, lakini meli zake nyingi zilikuwa baharini. Serikali yao ikaziweka chini ya shirika moja, Nortraship, lenye ofisi London na New York. Zilikuwa karibu meli 1,000, na za mafuta ndizo zilizotakiwa kuliko zote, maana bila mafuta Uingereza haikuwa na ndege hewani wala manowari baharini. Vijana kama serahangi hawakuwa wanajeshi. Walikuwa na mama zao nyumbani chini ya Wajerumani, wasiweze kuandikiana nao, na wao wanazunguka dunia na petroli chini ya miguu.

Serahangi alikuwa kwenye meli ya mafuta ya Vanja. Tarehe 28 Desemba 1942 walitoka Trinidad kwenye msafara wa TM 1, meli tisa za mafuta zikilindwa na manowari nne tu: destroya Havelock na korveti tatu, manowari ndogo za kulinda misafara. Walikuwa wanapeleka mafuta Gibraltar, kwa majeshi yaliyotua Afrika Kaskazini. Tarehe 3 Januari nyambizi moja iliwaona, ikaipiga mojawapo, British Vigilance. Wajerumani wakajua njia yao, wakapanga nyambizi nyingine mbele ziwangoje. Usiku wa kuamkia tarehe 9 zikaanza kuzipiga meli: Albert L. Ellsworth, Oltenia II, Minister Wedel, Norvik, Empire Lytton. Halafu British Dominion. Kati ya zile tisa, zilizoingia Gibraltar tarehe 14 ni mbili, Vanja na Cliona.

Kadhaa kati ya zile tisa zilikuwa meli za Wanorwe. Serahangi alisema alikuwa kwenye usukani Minister Wedel na Norvik zilipopigwa. Meli ya mizigo ndani ya msafara haisimami, kuokoa ni kazi ya walinzi, kwa sababu anayesimama amejitoa shabaha. Alichokikumbuka zaidi si moto. Ni nahodha wake akimtajia namba ya dira kwa sauti ya kawaida kabisa, naye akiirudia kama mshika usukani anavyotakiwa, nahodha anataja tena, naye anarudia tena, huku upande mmoja wa sitaha kumekuwa kama mchana. Wengi wa wale Wanorwe waliokolewa na manowari. Watu wa British Dominion, Waingereza, hawakubahatika hivyo. Lakini usiku ule yeye hakujua nani kaokolewa nani kafa. Alijua namba ya dira.

Sasa sikiliza hili la pesa. Mwaka 1940 posho ya hatari ya Wanorwe ilikuwa kubwa kuliko ya Waingereza, na Waingereza hawakutaka mabaharia wao wenyewe waanze kudai kama wao. Ikakubaliwa Wanorwe wapunguziwe, na tofauti iwekwe kwenye mfuko, kwa siri. Mabaharia waliposikia habari za mfuko huo waliamini ni jasho lao, limewekwa mpaka amani. Ukajaa zaidi ya kroner milioni 40, kroner ndiyo fedha yao. Amani ikaja mwaka 1945, wakarudi wakauliza. Wakaambiwa zitasaidia wajane na wenye shida, si mgawo wa kila mtu. Wakaenda mahakamani, na mwaka 1954 Mahakama ya Juu ya Norway ikasema hazikuwa zao. Ilipofika 1972 ndipo Bunge lao likakubali kumlipa kila baharia kroner 180 kwa kila mwezi aliosafiri vitani. Hiyo ndiyo ile hesabu ya chaki. Na serikali kuwaomba radhi, kwa kinywa cha waziri wa ulinzi, ilikuwa mwaka 2013. Mabaharia zaidi ya 3,000 wa meli zile walikufa vitani, na waliobaki wengi walikufa wakingoja.

Ndiyo maana nasema ulipwe mkononi.

Hata hivyo najibishana na nafsi yangu, mwanangu, kwa sababu nilimwona siku ile. Pesa alikuwa amezipata, tena barua ina mhuri, na hakufurahi. Alifuta ile hesabu kwa kiganja, akasema angalau wangemtuma mtu aje aseme. Basi huenda si pesa. Huenda alichotaka ni mtu wa nchi kavu amwambie kwamba waliona alichofanya. Nimelifikiri hili miaka mingi, na kila mara narudi pale pale: wangemlipa mwaka 1945, akiwa kijana, mbele ya wenzake, malipo yenyewe yangekuwa ndiyo hayo maneno. Kuchelewesha ndiko kulikoyafanya yawe sadaka. Mamako anasema nazungumza hivi kwa ajili ya cherehani yake. Kweli, ile kampuni iliyotutelekeza bandarini bila mshahara ndiyo iliyofanya auze cherehani ili nyinyi mle, na mpaka leo nikisikia mlio wa cherehani ya jirani moyo unanipasuka. Lakini hata bila cherehani ningesema vivyo hivyo.

Turudi kwako. Hatari ya njia ile unaijua kuliko mimi. Machi 2024 kombora la Wahuthi, wapiganaji wa Yemen, liliua mabaharia watatu kwenye meli ya True Confidence. Agosti mwaka huo waliipiga Sounion, meli ya mafuta, imebeba tani 150,000 hivi za mafuta ghafi. Watu wake waliokolewa na manowari ya Ufaransa, meli ikaachwa, kisha ikawaka moto. Kwa hiyo usiniambie kwamba ulinzi upo. Ulinzi ulikuwepo hata kwa TM 1.

Ila wewe una kitu ambacho serahangi hakuwa nacho. Kama meli hiyo iko chini ya makubaliano ya kimataifa ya vyama vya mabaharia na waajiri, eneo likishatangazwa la vita una haki ya kukataa kupita, ukarudishwa nyumbani kwa gharama ya kampuni. Ukikubali, unaongezewa posho sawa na mshahara wako wa msingi kwa siku za eneo hilo, na fidia ya kifo au ulemavu huwa maradufu. Muulize ajenti: je, mkataba huu uko chini ya makubaliano hayo? Posho inaingia na mshahara wa mwezi ule ule, au "baadaye"? Bima ni ya nani? Akikwambia mambo hayo yatashughulikiwa mkifika, hapo mwenyewe umeshajibiwa.

Unangoja niseme nenda au usiende. Wallahi neno liko mdomoni, na mamako amesimama nyuma yangu anataka niliandike. Siliandiki. Mimi niliondoka bila radhi ya mamangu na jambo hilo nimelibeba miaka yote. Sitaki wewe ubebe langu, uende kwa sababu yangu au ubaki kwa sababu yangu. Radhi yangu unayo, kwa lolote kati ya hayo mawili.

Nipigie picha mkataba wote, pamoja na kurasa za nyuma zenye maandishi madogo, unitumie kabla ya Ijumaa. Usisaini kwa simu. Na mamako anauliza ile dawa ya magoti uliyosema utaituma, umeituma kwa nani?

Babako