Sensa ililia, ikanyamaza, gari ikagonga

SWALI: Kaka fundi habari za kazi. Tuna gari ya mtumba tumeagiza Japani, ina sensa kwenye bampa la nyuma na inashika breki yenyewe ukipiga rivasi, pale ukutani kwetu nimeshaona inasimama kabisa. Sasa juzi kazini narudi nyuma ikalia pii pii ikanyamaza, nikajua nimeshapita, kumbe kuna kile kinguzo kifupi cha zege cha kuzuia magari, bampa limepasuka. Mume wangu anasema sensa mbovu tubadilishe zote. Ni kweli? Mama wawili, Tabata.

JIBU: Pole sana dada. Sensa inawezekana kabisa ni nzima, na hiki ndo kitu watu hawaambiwi wakati wa kununua gari. Zile duara ndogo kwenye bampa zinatoa sauti ambayo sikio letu haliisikii, ikigonga kitu inarudi, gari inapiga hesabu ya muda inajua umbali, kama popo vile. Ukuta unairudisha vizuri ndo mana breki inashika. Kinguzo kifupi kikiwa mbali kidogo kinaonekana, ukikisogelea kinaingia chini ya pale sensa inapoangalia, sauti inapita juu yake, gari inaona njia nyeupe inanyamaza. Kwa hiyo ikilia halafu ikakata ghafla na wewe bado unarudi, hapo hapo kanyaga breki ushuke uangalie.

Vitabu vya Toyota vimeliandika hili wazi, na vimetaja pia waya, kamba, uzio, vitu vinavyomeza sauti kama pamba, na hata mtu kutegemea na nguo alizovaa. Mtu dada! Mtoto aliyechuchumaa karibu na bampa anaokota mpira, usiitegemee sensa imuone, na kamera nayo ikiwa na tope haikusaidii. Wanao wakiwa uani mtu mzima awashike mkono ndo gari iondoke, na uzunguke nyuma kwa miguu yako kabla hujapanda. Kuwa makini na malori pia, ile bodi inayotokeza nyuma iko juu ya sensa kwa hiyo unaweza kuvunja kioo na hujasikia mlio wowote.

Kabla hujatoa hela zipime hivi: handbreki juu, jiwe kwenye tairi, switchi on bila kuwasha injini, gia iweke R, halafu shuka uguse kila sensa kwa kidole. Nzima utaisikia inatetemeka tik tik tik. Ambayo imekufa ndo ubadilishe hiyo hiyo. Bampa likienda kwa mpiga rangi mwambie azitoe sensa kwanza, asizipake puti wala rangi nzito juu yake, mana hapo ndo zitakuwa mbovu kweli.