Ushauri kwa Mhitimu Anayetaka Kufundisha Ustahimilivu Kazini na Katika Jamii

Wahitimu wa saikolojia na ustawi wa jamii huniuliza mara kwa mara waanzie wapi ili waifanye kazi ninayoifanya tangu nilipomaliza chuo, yaani kufundisha ustahimilivu, ule uwezo wa kukabiliana na magumu na kuinuka tena, katika maeneo ya kazi na katika jamii. Huwajibu kwamba waanze kwa kuyachunguza mazingira ya watu watakaowafundisha, kabla hawajaandaa somo lolote, kwa kuwa mtu aliyekwisha kuelemewa hahitaji kuhimizwa avumilie zaidi.

Mwaka 1979 mtafiti Robert Karasek alieleza kwamba mkazo wa akili huzidi pale kazi inapomdai mfanyakazi mengi huku yeye akiwa na uhuru mdogo wa kuamua namna ya kuifanya. Kwa sababu hiyo, mwajiri anaponiita huomba kwanza kuiona ratiba ya zamu, kisha huomba msimamizi asiwepo katika saa ya kwanza ya mafunzo. Akiwepo, watu hukunja mikono, humtupia jicho kabla ya kujibu, na husema yale tu anayopenda kuyasikia. Akishatoka, mimi huuliza: "Ukiugua usiku huu, nani atashika zamu yako?" Majina yakitajwa papo hapo, najua pana msingi wa kujengea. Watu wakibaki kutazamana, mazoezi ya kupumua ya kutuliza mkazo hayatafika mbali kabla jambo hilo halijazungumzwa na uongozi.

Katika jamii pia mahusiano ndiyo huanza. Mwanasaikolojia Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia kwa miongo kadhaa watoto waliozaliwa mwaka 1955 katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, wakaona kwamba takriban theluthi moja ya wale waliokulia katika mazingira magumu zaidi walikuja kuwa watu wazima wanaojimudu na kuwajali wenzao; miongoni mwa yaliyowasaidia ni kuwa karibu na angalau mtu mmoja aliyewajali bila kuyumba, awe ndugu, mwalimu au jirani. Ndiyo maana, nikifika mahali palipokumbwa na mafuriko au moto, huwatafuta kwanza wale ambao wenzao huwakimbilia, hata kama hawana cheo chochote, na hao ndio ninaowapa muda wangu mwingi.

Usimlazimishe mtu kusimulia yaliyomkuta, hasa siku za mwanzo. Nimewaona wakufunzi wapya, tena wenye nia njema, wakiwazungusha watu kwenye duara ili kila mmoja aeleze msiba wake, na jambo hilo huniumiza sana. Mwongozo wa msaada wa kwanza wa kisaikolojia, yaani msaada wa awali kwa mtu aliyetoka kupatwa na janga, uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2011 unaelekeza kuangalia, kusikiliza na kuunganisha. Na huko kuunganisha, yaani kumfikisha mtu kwa jamaa zake na kwenye huduma anazozihitaji, ndiko kunakosahaulika kuliko yote.

Jambo jingine ni mkataba. Waajiri wengi hutaka mafunzo ya siku moja, nawe unaweza kukubali, lakini hakikisha imeandikwa kwamba utarudi baada ya miezi michache, na kwamba siku hiyo ya kurudi uongozi utaeleza mbele ya wafanyakazi kile ambacho uongozi wenyewe umebadilisha.